Kibali ni cha Mlango, Mkono Je?

Kila unapoingia mwezi wa Januari, wenye maduka, mikahawa, vinu na saluni katika Kaunti ya Kilifi huanza kuulizana habari za kibali. Kibali cha biashara umri wake ni mwaka mmoja. Mwaka ukisha nacho kimekwisha, na mwenye biashara hana budi kukilipia upya. Ada yake hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa kuangalia aina ya biashara na ukubwa wake. Sina ugomvi na jambo hilo. Taka za sokoni hazijizoi zenyewe. Linalonishughulisha ni suali dogo ambalo sijalisikia likiulizwa barazani: mwanamke mwenye saluni akishalipa, akapewa karatasi yake na kuitundika ukutani, ni kitu gani hasa alichoruhusiwa?

Sheria ina jibu, na jibu lenyewe ni la ajabu kidogo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara. Papo hapo ikaongeza maneno machache ambayo watu huyaruka wanaposoma: kwamba usimamizi wa taaluma haumo. Maana yake ni kuwa kaunti yaweza kumruhusu mtu kufungua mlango na kuuza kazi yake, lakini si juu yake kusema nani ajuaye kusuka na nani asiyejua. Hilo ni la serikali kuu. Na serikali kuu, pamoja na kuwa na mabaraza ya madaktari, ya wauguzi na ya wahandisi, haina baraza kama hilo la wasusi na wapambaji. Kwa hiyo kibali ni cha mlango. Mkono umeachwa kama ulivyo.

Utaniambia kuwa afisa wa afya hupita. Ni kweli hupita, kwa nguvu za Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, akaangalia maji, choo, sakafu, na nyembe kama zinatupwa zikishatumika. Kazi njema hiyo, na ina thawabu. Lakini naye aghalabu huangalia mahali. Hata redio iliyo juu ya rafu ina leseni yake, kwani chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 mwenye saluni anayewachezea wateja muziki hutakiwa awalipe wenye muziki wao. Cheka ukitaka, msomaji. Mlango una karatasi, redio ina karatasi, na ule unga uliofungwa katika mfuko usio na jina, kando ya redio, utakaopakwa mikononi mwa binti wa mtu siku ya harusi yake, hauna wa kuuliza habari zake.

Haya niliyafuata hadi Kuruwitu. Kijiji hicho kiko ufuoni upande wa Vipingo, kiasi cha kilomita 40 ukitoka Mombasa kwenda Malindi; unaiacha lami, unaupa mgongo mkonge, unashuka kwenye mawe ya matumbawe mpaka harufu ya bahari ikupokee. Wengi wamekijua kwa ajili ya samaki, na habari za samaki nitazifikia. Mimi nilikwenda kumtazama bibi mmoja mwenye saluni ya chumba kimoja, mabati juu, pazia la khanga mlangoni. Husuka, hunyosha nywele, na harusi zinapokuwa nyingi huitwa kupaka hina kutoka Kikambala hadi Takaungu.

Ukutani ana kibali. Chini ya kibali ana cheti cha mtihani wa ufundi, daraja la tatu, kilichokwisha kuwa rangi ya chai. Mitihani hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo watu wamezoea kuiita NITA, iliyoundwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2011. Ina madaraja matatu, la tatu likiwa la kuanzia na la kwanza likiwa la juu. Uzuri wake ni kwamba aliyejifunza kazi kibarazani kwa shangazi yake aweza kwenda kujaribiwa sawa na aliyesomea chuoni. Lakini cheti kile hakina tarehe ya kufa. Ukikipata ukiwa na miaka 20, utazikwa nacho, hata kama dawa ulizofundishwa zimeondoka sokoni na mahali pake zimeingia nyingine usizozijua.

Nikamwonyesha ule mfuko wa unga mweusi.

"Huu watoka wapi, mwanangu?"

"Mombasa, maalim. Sokoni."

"Na ndani yake mna nini?"

"Mna piko."

"Na piko ni nini?"

Akacheka. "Piko ni piko, maalim."

Kisha akaacha kucheka, akanihadithia. Bibi harusi mmoja aliyempaka mwaka uliopita alirudi siku ya tatu baada ya harusi, mikono imevimba, na malengelenge yamefuata maua aliyoyachora, ua kwa ua, jani kwa jani. Ngozi ilipopona maua yalibaki, meupe, kama aliyechomwa kwa chuma. Mwenye saluni alimwendea aliyemuuzia unga. Yule akamwambia kuwa ni damu ya msichana, haikubaliani na hina. Majirani wakasema ni jicho. Akaacha kupaka piko kwa miezi miwili, na kwa miezi miwili wateja wakapita mlangoni pake kwenda kwa mwenzake. Akarudia.

Sasa nitazame, msomaji, niseme yale ambayo hakupata wa kumwambia. Majani ya mhina hayatoi rangi nyeusi. Hutoa nyekundu, hutoa kahawia, na ukilala nayo usiku kucha huelekea weusi wa kahawa iliyokolea. Nyeusi ya wino haitoki humo. Rangi inayokuwa nyeusi ti kwa muda mfupi imetiwa kitu, na kitu hicho aghalabu ni dawa ya kutia nywele rangi inayoitwa kwa kifupi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeiruhusu dawa hiyo katika rangi za nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, wala haikuruhusiwa kwa kuchora ngozi. Wamarekani ni wakali zaidi: kwao hina yenyewe imekubaliwa kwa nywele tu. Dubai, ambako dada zetu wengi wamekwenda kutafuta riziki katika saluni, baraza la mji limeipiga marufuku hina nyeusi. Na madaktari wa Sudan wameandika kwa miaka mingi juu ya watu waliovimba koo na kuharibika figo kwa sumu hiyo hiyo ilipoingia mwilini.

Ubaya wake mkubwa hauonekani siku ya kwanza. Mwili ukishaikataa mara moja hauisahau. Yule bibi harusi, akifika umri wa miaka 45 na mvi zikamchungulia, akanunua rangi ya nywele dukani kama wenziwe, huenda akaamka uso umevimba macho hayafunguki, na hatakumbuka kuwa shina lake ni maua ya harusi. Kwa hiyo si damu wala si jicho. Ni jambo la kufundishwa katika asubuhi moja, na aliyelihitaji amelipa kibali mwaka baada ya mwaka bila ya asubuhi hiyo kufika.

Nywele nazo zina yake. Dawa za kunyosha zilizo kali zina kostiki, ile ile inayotengenezewa sabuni, na nyingine zikitiwa moto hutoa moshi wa fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Mwaka 2022 Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497 waliofuatwa kwa karibu miaka 11. Kwa wale wasiotumia dawa za kunyosha, ilikadiriwa kuwa 1.64 katika kila 100 watapata saratani ya mji wa uzazi kabla ya kufika miaka 70. Kwa wale waliozitumia zaidi ya mara 4 kwa mwaka, ni 4.05. Uchunguzi haukusema kwa yakini kuwa dawa ndiyo iliyoleta maradhi. Umesema viwili hivyo vimeonekana kwenda pamoja, na wenye hekima watahadhari. Lakini mimi nilipokuwa katika chumba kile cha Kuruwitu, dirisha moja, pazia limeshushwa kwa ajili ya sitara, niliwaza jingine. Mteja huja mara 4 kwa mwaka. Msusi huuvuta moshi kila siku isipokuwa siku ya Idi. Sitara ni wajibu, lakini dirisha la juu, karibu na dari, halimvunjii mtu heshima yake. Juu ya vijaluba vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki sitasema mengi. Mkataba wa Minamata wa 2013 umekwisha kuvisema, na bado vinauzwa.

Kuna wanaodhani kuwa habari za leseni ya mkono na kusoma tena ukiwa mtu mzima ni mambo ya Kizungu tuliyoletewa. Hao nawauliza kama hawajapata kusikia habari za muhtasibu. Katika miji ya Kiislamu ya zamani huyo ndiye aliyesimamia masoko na kazi za mikono, na vitabu viliandikwa kumwelekeza. Kimoja ni cha al-Shayzari, wa karne ya 12 ya Miladi. Humo utakuta kuwa tabibu wa macho hujaribiwa kwa kuulizwa maswali ya elimu yake kabla hajaachiwa macho ya watu. Mpiga chuku hupimwa wepesi wa mkono wake. Na kinyozi hukatazwa kula vitunguu siku ya kazi, asije akawaudhi watu kwa pumzi yake! Muhtasibu aliuliza mkono. Nao mafakihi walikwisha kukubaliana kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, akidhuru, dhamana ni juu yake. Kupaka hina si utabibu, lakini unga unaochoma ngozi umelivuka pazia lililo baina ya pambo na dawa.

Tena sisi wenyewe tunazo leseni mbili za jadi. Mwalimu wa chuoni hakufundisha kitabu mpaka apewe ijaza na aliyemsomesha, na ijaza ile hutaja mkono hadi mkono, fulani kutoka kwa fulani. Kwa wanawake, somo ndiye aliyekuwa chuo: msichana alikaa miguuni pake akaona jinsi liwa inavyosagwa, jinsi singo inavyokorogwa, hina inavyofungwa kwa majani na kulaliwa. Hakuachiwa bibi harusi mpaka somo aridhike. Na tazama Ramadhani baada ya alasiri, wazee wenye ndevu nyeupe wamekaa darsani wakisikiliza tafsiri ile ile waliyoisikiliza mwaka jana na mwaka juzi. Hakuna anayewacheka kuwa hawajahitimu. Kusoma tena jambo unalolijua, kwetu, ni adabu ya mwenye elimu.

Kilichotokea ni kwamba somo amekufa au amechoka, na dawa zimekuja kutoka nje ambazo somo hakuzijua. Ujuzi wa liwa haukusaidii kusoma maandishi ya kopo la fomalini.

Lakini nisije nikaeleweka kuwa nataka tuige Marekani. Kule kila jimbo lina leseni ya mkono wa msusi, na majimbo kadhaa humtaka asome kila anapoirudisha: Texas saa 4 kila miaka 2, Illinois saa 14. Saa hizo ni jambo la busara. Kasoro iko mlangoni mwa kuingilia. Jestina Clayton, mwanamke aliyezaliwa Sierra Leone na kujifunza kusuka tangu utotoni, alihamia Utah akaambiwa asome saa 2,000 katika chuo cha urembo kabla hajasuka nywele kwa malipo, na masomo hayo kusuka kwa Kiafrika karibu hayakugusa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2012 jaji wa serikali kuu akampa haki. Kule Texas, Isis Brantley alitiwa pingu mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni. Baadaye alipotaka kufundisha kusuka, akatakiwa awe na viti 10 vya kinyozi na masinki ya kuoshea nywele, ilhali asukaye hahitaji hata kimoja. Akashinda kesi mwaka 2015, na mwaka huo huo jimbo likaifuta leseni ya wasukaji. Sheria ya namna ile ikiletwa Kilifi leo, wa kwanza kuumia watakuwa wale mabibi wapakao hina kibarazani. Yule mwenye PPD atabaki, kwa kuwa aliye na fedha za leseni hazikosi.

Ndipo nikirudi kwenye samaki. Wavuvi wa Kuruwitu waliona bahari yao inakwisha. Mwaka 2003 wakaunda chama chao cha uhifadhi na maslahi, na miaka michache baadaye wakakubaliana wafunge sehemu ya bahari, kiasi cha hekta 30, asivue mtu humo. Kanuni za serikali za kuvipa vikundi vya fuoni mamlaka ya kusimamia uvuvi zilitoka 2007. Watu wa Kuruwitu walikuwa wamekwisha kuanza. Wataalamu wa bahari walikuja na elimu yao, wazee wakatoa ya kwao, na samaki wakarudi. Hakuna mvuvi aliyepelekwa chuo cha saa 2,000. Waliambizana, wakafundishana, wakaoneana haya. Wake zao na binti zao ndio hao wenye saluni na hina. Sioni ni kwa nini jambo lililowezekana kwa pweza na tafi lisiwezekane kwa unga mweusi.

Na njia ipo katika karatasi ile ile niliyoanza nayo. Jedwali la Nne, lililoinyima kaunti usimamizi wa taaluma, limeipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kazi za nyumbani. Mkono wa kulia hupokea ada ya kibali, mkono wa kushoto umeshika shule. Kaunti haiwezi kumwambia msusi, "Hukusoma, sikupi kibali," kwani hapo itakuwa imeingia katika taaluma. Yaweza kumwambia, "Umelipa kibali, basi una haki ya siku moja ya darasa katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe, bila malipo." Na kwa yule wa kibarazani, asiye na mlango na kwa hiyo hana kibali, mlango wa darasa ubaki wazi, maana mkono anao. Anayependa kupanda daraja aelekezwe mtihani wa NITA. Sheria ya 2014 ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu nayo imekubali kuwa ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini utambuliwe. Wanaoijua ni wachache, na darasa hilo ndipo mahali pa kuitaja.

Walimu hawatoki mbali. Afisa wa afya ni huyo anayepita. Muuguzi wa zahanati ataonyesha malengelenge yalivyo na ya kufanya yanapotokea. Mtu wa duka la dawa atafundisha kusoma kopo, alama ya ubora ya kweli na ya bandia. Na awekwe bibi mmoja mzee, apewe kiti cha mbele na nauli yake, afundishe hina ya kulaliwa, ya ndimu na moshi wa karafuu, kwani mteja atakayekatazwa piko atataka kuonyeshwa rangi iliyokolea kwa njia ya halali, la sivyo atakwenda kwa jirani.

Nilimtajia mambo haya yule bibi wa Kuruwitu kabla sijaondoka. Hakuuliza habari za Katiba. Aliuliza litakuwa siku gani.

"Wewe wataka siku gani, mwanangu?"

Akahesabu kwa vidole. Alhamisi hadi Jumapili ni harusi. Jumatatu ni kulala. Mwezi wa Shaabani wote haufai, watu huoa kabla ya Ramadhani kuingia. Kumi la mwisho la Ramadhani watu wanajitayarisha kwa Idi. Mfunguo Mosi harusi zimeanza tena.

"Jumanne," akasema, "lakini iwe asubuhi, na wasituweke mpaka adhuhuri ikatupita."